Seneta wa Marekani enzi za zamani: alichaguliwa au aliteuliwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri somo la historia ya Marekani kwa ajili ya wanafunzi wangu. Nimeandika: "Bunge la jimbo liliteua maseneta, na kiti kikiwa kiwazi gavana alichagua kaimu seneta." Mwenzangu anasema sentensi ina makosa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kosa kubwa liko kwenye vitenzi: umevipa watu wasiostahili.

Katika lugha ya siasa, kuchagua kunataka kura; kuteua ni uamuzi wa mwenye mamlaka. Ndiyo maana Tanzania kuna mbunge wa kuchaguliwa na mbunge wa kuteuliwa na Rais, ingawa wote huketi ukumbi mmoja. Kwa Katiba ya Marekani ya 1787, seneta, yaani mjumbe wa Seneti (baraza la juu la bunge la taifa), alipigiwa kura na wajumbe wa bunge la jimbo. Basi walimchagua, hata kama wananchi hawakupanga foleni. Kura yao ya moja kwa moja iliingia katika katiba mwaka 1913, kwa marekebisho ya 17. Gavana yeye aliteua, tena pale tu kiti kilipobaki wazi wakati bunge liko mapumzikoni, na mteule wake alikaa hadi bunge likutane.

Tofauti hii iliwahi kumnyima mtu kiti. George Read wa Delaware alijiuzulu useneta Septemba 1793. Bunge la jimbo likakutana mapema 1794, likaahirisha kikao bila kuchagua wa kumrithi. Machi mwaka huo gavana akamteua Kensey Johns. Seneti ikamkataa: bunge lilishakutana, kwa hiyo ruhusa ya gavana kuteua ilikuwa imekwisha. Ukiandika hapo kwamba gavana "alimchagua" Johns, mwanafunzi hataelewa ugomvi ulikuwa wa nini.

"Kaimu" liondoe. Kaimu hushikilia madaraka ya cheo ambacho si chake. Mteule wa gavana alikuwa seneta kamili, mwenye kura yake, ila wa muda. Wala usikimbilie "uchaguzi mdogo", kosa ninaloliona mara kwa mara: kwetu maana yake ni wananchi kurudi vituoni, na huko hapakuwa na kituo.

Sasa "kiwazi". Neno wazi asili yake ni Kiarabu na halichukui kiambishi: mlango wazi, kiti wazi, viti wazi. Tupu huchukua, lakini kiti kitupu ni kile ambacho hakuna aliyekikalia kwa wakati huo. Seneta akitoka kwenda kula, kiti chake ni kitupu, si wazi.

Ningeandika hivi: "Bunge la jimbo lilichagua maseneta, kiti kikibaki wazi wakati bunge liko mapumzikoni, gavana aliteua seneta wa muda."