Tangi la samaki ghorofani: je, boriti zitahimili?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Tunaishi katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja, yenye sakafu ya boriti na chokaa. Mume wangu amenunua tangi la kioo la kufugia samaki, urefu wake sentimita 150, upana 60 na kimo 60, na anataka kuliweka katikati ya ukumbi wa juu ili watoto walizunguke. Nikimweleza hofu yangu, hunijibu kuwa ukumbi huo ulibeba watu zaidi ya 20 siku ya maulidi na haukutikisika. Chini yake analala mama mkwe wangu. Je, nahofu bure?
Msomaji, Mkunazini, Unguja

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yetu. Huhofu bure. Tangi la vipimo hivyo likijaa huchukua lita 540, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja, ya bahari ikizidi kidogo. Ukijumlisha kioo, ambacho kikiwa cha milimita 12 hufika kilo 100, pamoja na changarawe na meza yake, mzigo wote hupita kilo 700, nao umekaa juu ya eneo lisilofika mita moja ya mraba. Wahandisi kwa kawaida hukadiria sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba.

Hoja ya maulidi ni ya kweli, lakini haitoshi. Wageni wale walienea ukumbi mzima, kisha wakaenda zao, ilhali maji hayaondoki usiku wala mchana, na mti uliobebeshwa mzigo wa kudumu hupinda polepole mwaka hadi mwaka, hata kama siku ya kwanza haukuonyesha dalili yoyote. Tena sakafu za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, ni nzito zenyewe kabla hatujaziongezea kitu.

Jambo ninalolihofia zaidi ni vichwa vya boriti, yaani zile ncha zilizozama ukutani. Huko ndiko unyevu wa mvua unakojificha na mchwa wanakoanzia, na boriti inaweza kuonekana nzima katikati huku kichwa chake kimekwisha kuwa unga. Mwiteni fundi anayezijua nyumba za chokaa, aingie chumba cha chini, agonge kila boriti karibu na ukuta na aichome kwa bisbisi. Ikizama kwa wepesi, au ukuta ukiwa na doa la maji, tangi lisipandishwe ngazi. Mkihitaji kubadilisha boriti, ulizeni kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa kuwa eneo hilo limo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Boriti zikiwa nzima na mhandisi akaridhika, katikati ya ukumbi bado si mahali pake, kwani hapo ndipo boriti hupinda zaidi. Liwekwe kando ya ukuta unaopokea vichwa vya boriti, urefu wake ukizikata boriti badala ya kuzifuata, ili mzigo ugawanywe kwa boriti nyingi. Meza isisimame juu ya miguu minne mitupu, bali juu ya ubao mnene ulionyooka. Acheni nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, muweze kuona maji yakivuja kabla hayajaingia kwenye chokaa. Lijazwe robo robo, kwa siku kadhaa, mkipima kwa pimamaji kila mara.

Hata hivyo, lau nyumba ingekuwa yangu, ningeliweka ukumbi wa chini, ambako sakafu imelala juu ya ardhi, na mama mkwe wako angewatazama samaki bila kupanda ngazi.