Wahindu na Wabudha sio walewale

Hapana ndugu, umeuliza kama Wahindu na Wabudha ni dini moja, sio kabisa. Wote wanaamini ukifa unazaliwa tena kulingana na matendo yako, ndo karma hiyo, na wote wanatafuta kutoka kwenye huo mzunguko, ila Mhindu atakwambia ndani yako kuna roho ya milele, atman, inahama mwili hadi mwili kama mpangaji, Budha, yule mwanzilishi wa dini ya Wabudha, yeye akakataa, hakuna roho ya hivyo, na hapo ndo penye ubishi wenyewe. Halafu Budha kwa Wabudha sio muumba, ni binadamu aliyepata mwangaza chini ya mti pale Bodh Gaya, India. Kinachochanganya watu ni kwamba Wahindu wengi nao wanamhesabu Budha kuwa ni Vishnu, mmoja wa miungu wakubwa wa Kihindu, aliyeshuka duniani.