Barua kwa mwanangu: ufa huanzia kwenye kona

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Sote wazima, na goti la mamako limepoa. Picha ulizopiga Baltimore ndani ya ile meli, John W. Brown, zimefika. Ile ya mchomeo nimeikuza na kuikuza mpaka kakako akachoka kungoja simu yake. Nimeyaona mawimbi ya mchomeo kama magamba ya samaki, moja juu ya jingine, halafu katikati pale fundi amekatika, ameanza upya. Huyo namjua. Mkono ulimchoka.

Umeniuliza: meli iliyoundwa kwa siku 41, ikashushwa majini tarehe 7 Septemba 1942, ilikuwa salama kweli? Na zile Liberty nyingine, meli za shehena za wakati wa vita kama hiyo, zilizopasuka, kosa lilikuwa la wachomeleaji?

Mimi nitakwambia habari ya kona. Unanijua: ufa huanzia kwenye kona.

Meli za zamani zilishonwa kwa ribiti, vile vijiti vya chuma vya kugongwa, bamba kwa bamba, na ufa ukifika mwisho wa bamba mara nyingi hukoma. Vita vikaja, nyambizi za Wajerumani zinazamisha meli kila uchao, Wamarekani wakaamua kuchomelea. Vipande vizima viliundwa kando, vikainuliwa kwa winchi. Waliochomelea wengi hawakuwahi kuushika umeme ule kabla ya vita, na kina mama walikuwa kwa maelfu. Wakatoa meli 2,710! Lakini meli ya kuchomelea ni kama chuma kimoja, ufa ukianza hauna pa kusimama. Na mdomo wa ngama, lile tundu la sitahani la kushushia shehena, waliukata pembe kali, mraba, na nguvu yote hukusanyika kwenye pembe kama hiyo. Lawama ikaanzia wapi? Kwa mchomeleaji. Mpaka Constance Tipper wa Cambridge alipoonyesha kwamba chuma chenyewe cha wakati ule, kikipata baridi kali, huvunjika kama kigae, kiwe cha ribiti au cha kuchomelea.

Sasa nisikilize. Mwaka 1983 wewe hujazaliwa. Tulikuwa na tishari chelezoni, nikaambiwa nikate tundu kwenye sitaha. Nikachora kona kwa chaki, mviringo wa ukubwa wa ngumi. Msimamizi akaufuta kwa kiatu. Tishari linatoka kesho, akasema, kata mraba. Nikakata.

Baada ya miezi mitano likarudi. Ufa umetoka kwenye kona ileile, umekwenda hatua tatu. Nikasimamishwa mbele ya wenzangu, wakaambiwa hiyo ndiyo kazi ya mvivu. Na mchomeo wangu haukuguswa! Ufa ulipita kando yake, kwenye chuma kitupu, kila mwenye macho aliuona. Mwezi mzima nikakwangua kutu. Mamako alijua jioni ile kwa jinsi nilivyousukuma wali.

Najiambia, msimamizi naye alikuwa na mkubwa wake. Sawa. Lakini chaki aliifuta kwa kiatu. Tena najiambia, gesi niliishika mimi, ningeiweka chini. Na dadako alikuwa mchanga, maziwa ya kununua. Basi. Msimamizi huyo ndiye aliyeketi safu ya mbele harusini kwa dadako, akala, akaomba dua, nami sikumwambia neno. Nawe usimwambie.

Kwa hiyo usinibane niwahukumu wale wa Baltimore. Hiyo meli yako safari yake ya kwanza ilipeleka shehena Ghuba ya Uajemi, misaada ya Warusi. Ikabeba askari Bahari ya Kati. Vita vilipokwisha ikawa shule ya vijana New York, tangu 1946 hadi 1982, na leo binti yangu amesimama juu yake. Waliotaka siku 41 walikuwa na vita mlangoni. Tishari letu lilikuwa na vita gani? Ila waliokuwa ndani ya zile zilizopasuka nao walikuwa watoto wa watu, na mviringo ni kazi ya muda mchache tu... Hapana, naacha. Nimeshasema ufa huanzia wapi.

Ukirudi pale, nenda kwenye mdomo wa ngama, uweke ngumi yako ndani ya kona, unipigie picha. Nataka kuona kama inaenea.

Babako