Nina miaka 47, cheti sina: niuze kiwanja niende Kanada?

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro, nina miaka 47. Shule niliishia darasa la saba, kazi nikajifunza kwa mjomba nikiwa kijana mdogo, na mpaka leo sina cheti chochote. Mageti na grili za mtaa wetu nusu nimetengeneza mimi. Mwezi mzuri nabaki na laki sita, mwezi mbaya hata laki mbili haifiki. Mtoto wa dada yangu yupo Doha, ana miaka 24, keshaanza kujenga. Mimi nimepata wakala yupo Dar, anasema Kanada wanatafuta wachomeleaji, mshahara dola 3,500 kwa mwezi. Anataka milioni sita, nimeshampa laki tatu za kufungulia faili. Anasema Kanada ikigoma atanipeleka Uingereza kulea wazee. Hizo nyingine nataka niuze kiwanja chetu cha Kihonda, kina msingi tayari. Mke wangu tangu nimwambie hasemi ndiyo wala hapana, anachukua kikapu chake anakwenda sokoni. Mama, je, nimeshachelewa?*

*Fundi, Morogoro*

Marahaba, baba.

Kiwanja usiuze. Naanza na hilo kwa sababu najua huyo wakala anakupigia simu kila siku, na pengine unasoma hapa huku mnunuzi yuko Kihonda anapima kwa hatua. Mwambie asubiri. Mengine tuyaongee taratibu.

Umeuliza kama umechelewa. Inategemea unakwenda wapi, na hapo wakala wako hajakwambia ukweli. Kanada wana mfumo unaoitwa Express Entry, wa kuhamia kwa alama. Mwenye miaka 20 hadi 29 hupewa alama zote za umri, kisha zinapungua, na ukifika 45 unapata sifuri. Ujerumani nako, mtu aliyevuka 45 anayekwenda kufanya kazi kwa mara ya kwanza hutakiwa kuonyesha mshahara unaozidi Euro 50,000 kwa mwaka, au akiba ya uzeeni inayojitosheleza. Na Uingereza ndiyo usiiwaze kabisa: mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ya nchi ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wakala anayekuuzia mlango huo leo, ama hasomi habari, ama anajua wewe huzisomi.

Sikatai kwamba Kanada ipo njia nyingine, ya kuitwa na mwajiri. Hiyo haiangalii umri. Lakini sikiliza inavyokwenda. Mwajiri kwanza anaomba serikalini kibali cha kuajiri mgeni, wenyewe wanakiita LMIA. Kwa nafasi moja analipa dola za Kanada 1,000, na sheria inamkataza kumdai mfanyakazi fedha hiyo. Wewe unalipia ombi la kibali cha kazi, dola 155, na alama za vidole na picha, dola 85. Jumla dola 240, hazifiki laki tano za kwetu. Ongeza kupima afya, ongeza tiketi. Sasa muulize huyo bwana milioni sita zinakwenda wapi. Tena mwajiri wa Kanada atataka kuzungumza na wewe kwa Kiingereza kabla hajatoa senti. Kiingereza hukukitaja kwenye barua yako, na mtu anayekijua huwa hasahau kukitaja.

Kwa hiyo tuzungumze habari za mpwa wako, maana naona huko ndiko moyo ulikoanzia. Nchi za Ghuba hazina alama za umri. Wanaoamua ni mwajiri na daktari. Matangazo mengi yanaandika mwisho miaka 40 au 45, ila mwajiri mwenye shida na fundi wa kweli huipita namba hiyo. Daktari ndiye hapitiki. Kabla ya viza utapimwa kifua kikuu, homa ya ini na VVU, na mtu wa umri wako ajiandae kuulizwa presha na sukari pia. Kapime sasa, hapo hapo Morogoro, kabla hujamlipa mtu yeyote.

Lakini hata Doha yenyewe ina mtego kwa mtu asiye na cheti, na huu ndio nataka uusome mara mbili. Qatar kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021 ni riyal 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipokupa malazi anaongeza 500, asipokupa chakula anaongeza 300. Riyal 1,000 ni kama laki saba. Linganisha na mwezi wako mzuri hapo Morogoro: unavuka bahari, unamwacha mke, unapata laki moja ya ziada. Mtu asiye na karatasi huandikwa kwenye mkataba kuwa msaidizi, kwa lugha ya saiti "helper". Akifika, msimamizi anaona mkono wake unajua kazi, anampa mashine achomelee kutwa nzima, na mwisho wa mwezi analipwa mshahara wa mbeba mabomba. Akilalamika anaonyeshwa mkataba na sahihi yake mwenyewe. Kilichoandikwa kwenye mstari wa kazi ndicho utakacholipwa, hata ungekuwa fundi wa mafundi.

Hapo ndipo ulipokwama wewe, umri unausingizia tu. Umefanya kazi maisha yako yote na hakuna karatasi inayosema hivyo.

Karatasi hiyo inapatikana. Serikali ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ndio wanaoufanya. Hawakurudishi darasani miaka miwili ukakae na watoto wa rika la mwanao. Wanakuangalia ukifanya kazi, wanakuuliza maswali, panapopungua wanakufundisha kwa muda mfupi, kisha unapata cheti. Na wewe kwa bahati hata nauli haikupi shida. Kiwanja chako kiko Kihonda, na chuo cha VETA kiko Kihonda. Nenda Jumatatu, uliza dirisha lijalo la kurasimisha ujuzi wa uchomeleaji ni lini, uliza na ada.

Ila usiende kifua mbele sana. Kuchomelea mageti na kuchomelea viwandani ni kazi mbili, na wewe mwenyewe unajua kwa nini. Grili ya dirisha ukiikosea kidogo, grainda inapita, rangi inapita, mteja anasifia. Kazi za mabomba wanakufungia kipande cha bomba kikiwa kimelala nyuzi 45, mkao wanaouita 6G, huruhusiwi kukizungusha. Unakizunguka wewe: unaanza chini umeinama, unapanda ubavuni, unamalizia juu, na mkono usitetemeke. Ukimaliza wanakikata na kukikunja waone kama kitapasuka, au wanakipiga eksirei. Hapo grainda haifichi kitu. Fundi aliyezoea mashine ya stiki, ya kuchomelea kwa vijiti, na bomba jembamba la mraba anahitaji mazoezi ya kutosha kabla ya mtihani huo. Omba ufundishwe, hata ikibidi ulipie kipindi cha ziada. Laki mbili tatu za mazoezi hayo zina faida kuliko milioni sita za wakala.

Na macho, baba. Ukisoma ujumbe kwenye simu unaisogeza mbali, sivyo? Miaka 47 ndiyo yake. Mchomeleaji asiyeona vizuri vitu vya karibu hakosi kosa, na wapimaji wa kazi hizi hupima macho pia. Kachukue miwani ya kusomea uivae ndani ya kinga ya uso. Mafundi wengi wa umri wako wanaona aibu, wanasema vijiti vya siku hizi vibovu.

Wakati unasubiri VETA, shughulikia majina. Watu wa rika lenu mna tabia ya kuwa na majina matatu tofauti: la ubatizo au la madrasa kwenye cheti cha ndoa, la babu kwenye kitambulisho cha NIDA, la mtaani kwenye cheti cha shule. Pasipoti inataka lifanane kote. Kama cheti cha kuzaliwa huna, RITA, wasajili wa vizazi na vifo, wanasajili hata mtu mzima, ila kuna kuzunguka. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, huhitaji mtu wa kukusaidia kwa elfu hamsini. Cheti cha ufundi kikitoka kitahitaji mihuri, ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi wa nchi unayokwenda. Baada ya hapo ndipo unatafuta kazi, na unaanzia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uwaulize kampuni gani zina leseni ya kupeleka watu nje. Sheria za Qatar na za Falme za Kiarabu zinamtwika mwajiri gharama za kumleta mfanyakazi. Anayekwambia uingie Dubai kwa viza ya matembezi "kazi utaitafuta huko huko" anakuingiza matatani. Viza hiyo hairuhusu kazi, na ikiisha unatozwa dirham 50 kila siku unayozidisha.

Ukifika salama, jua lingine. Qatar kuanzia Juni mosi hadi katikati ya Septemba kazi za nje zinasimamishwa saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri kwa ajili ya joto. Sheria hiyo haikutungwa kwa mchezo. Kijana wa 24 anakunywa maji anaendelea, wewe na aproni ya ngozi mwilini utalisikia joto kwenye magoti. Na msimamizi wako anaweza kuwa mtoto wa umri wa mpwa wako, anakuita kwa kidole. Hilo nalo lipime kabla hujaondoka, maana hapo Morogoro umezoea kuitwa Fundi na kuamkiwa.

Nisikufiche, huenda ukipata cheti usiende popote. Bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443 na sehemu kubwa iko kwetu. Hakuna aliyeshika mashine kwenye kiungo cha bomba lile kabla ya kupimwa. Kazi za namna hiyo zinakuja na zinapita, na kila zikipita mafundi wa mtaani wanabaki kando wakitazama magari. Cheti kinakuweka kwenye orodha ya hapa pia.

Sasa mkeo. Umeandika "kiwanja chetu", kisha unauliza kama *wewe* uuze. Mwanamke anayechukua kikapu akaenda sokoni keshajibu, ila hajaona wa kumsikiliza. Msingi ule pengine umetoka kwenye kikapu chake cha sokoni pia. Kaa naye jioni moja, simu uiweke mbali, na usimpelekee uamuzi. Mpelekee hesabu hizi za riyal na dola, muulize anaogopa nini. Nadhani utakuta kinachomkera kuliko safari ni kumpa mgeni milioni sita. Na siku ukienda, fedha za nyumbani zitumwe kwake, zisipite kwa kaka wala kwa shemeji. Barua ninazopokea kuhusu nyumba zilizojengwa kupitia kaka zinatosha kujaza gunia. Karakana mwachie kijana unayemfundisha, kwa makubaliano ya maandishi, mkeo akisimamia vitabu. Mashine usiuze. Mkataba wa miaka miwili unaweza kuvunjika mwezi wa tatu, na utakaporudi utahitaji pa kuanzia.

Ile laki tatu idai. Mtumie wakala ujumbe wa maandishi, umwombe jina la mwajiri, namba ya LMIA na leseni yake ya uwakala. Mwenye kazi halali atatuma ndani ya siku moja. Akikujibu kwa ukali, au kwa picha ya barua yenye nembo ya bendera na makosa ya herufi, mwambie unataka fedha yako. Usipige simu, andika, ili ushahidi ubaki. Akinyamaza, chukua ujumbe wa muamala uende nao polisi. Laini za simu hapa nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba uliyoitumia fedha ina mwenyewe.