Ngazi za mashindano ya shabaha: soma namba kabla ya kujiandikisha

Wageni wengi wakiona tangazo lenye "Ngazi ya III" hudhani linawahusu walengaji wa daraja la tatu. Sivyo. Katika ulengaji wa vitendo, yaani kupiga shabaha kwa kasi huku ukitembea, unaosimamiwa na IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huo lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani, ngazi ni ya mashindano, si ya mtu. Uwezo wako una madaraja yake, kuanzia D, la chini, hadi Grand Master, la juu kabisa. Kwa hiyo Grand Master anaweza kutokea kwenye Ngazi ya I ya klabu yenu, tena hutokea. Ukimwona, omba uwekwe kundi lake.

Ngazi ziko tano. I ni ya klabu, II ni ya klabu pia lakini kubwa zaidi, na mara nyingi hualika majirani. III ndiko yaliko mashindano mengi ya ubingwa wa taifa, IV ni ya bara, V ni ubingwa wa dunia.

Unapopanda, kinachobadilika kwanza ni ukali wa taratibu. Ngazi ya I hupewa nafuu kidogo katika kupanga vituo, yaani sehemu za shabaha ambazo kila mshindani hupiga kwa zamu, ndiyo maana unaweza kukuta kituo cha ajabu ajabu kilichobuniwa jana usiku. Juu huko hesabu ni hesabu: kwa bastola kituo kifupi hakizidi risasi 12, cha kati 24, kirefu 32, na hakuna mahali pamoja pa kusimama panapokulazimu kupiga zaidi ya mara 9. Kuanzia Ngazi ya III amri za mwamuzi hutolewa kwa Kiingereza popote duniani, hivyo zikariri mapema, kwa mpangilio wake.

Halafu kuna kipimo cha nguvu ya risasi. Kwenye klabu ni nadra kukutana nacho, kwenye mashindano makubwa risasi zako huchukuliwa na kupimwa. Hesabu ni uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), zidisha kwa kasi kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 inatoa 130.2, na kiwango cha chini ni 125. Umepita. Lakini ikishuka hadi futi 1,000 unapata 124, na hapo utaendelea kufyatua ila alama zako hazihesabiwi. Anayejitengenezea risasi ajiachie nafasi, asicheze na ukingo.

Usalama haubadiliki hata chembe. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka uelekeo wa shabaha, kidole kikibaki kwenye kifyatulio unapotembea, bastola ikianguka, umeondolewa mashindanoni, iwe klabuni au kwenye ubingwa wa dunia. Tofauti ni kwamba klabuni unarudi nyumbani mapema, huko juu umeshapoteza nauli na ada. Ndiyo sababu nawashauri wapya wakae I na II mpaka mikono ifanye hayo yenyewe. Huku chini pia utabandika stika za kuziba matundu kwenye shabaha za wenzako, na hapo ndipo utaona jinsi mtu anavyoingia kituoni na anakobadilishia magazini (kibweta cha risasi cha bastola). Wanaokwepa kazi hiyo hawaendelei haraka, nimewaona.

Jambo linalowavunja moyo wengi ni asilimia. Alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia: alama 60 kwa sekunde 15 ni 4. Mshindi wa kituo huchukua alama zote za kituo, wengine hupata kwa kulinganishwa naye. Kama klabuni mshindi ana 5, wewe mwenye 4 una asilimia 80. Nenda Ngazi ya IV ukute mtu ana 8, kwa 4 ile ile unabaki na 50. Hujazorota, umebadilisha wapinzani. Ukitaka kujua kama unapanda, linganisha makosa na muda wako wa sasa na wa zamani, asilimia iache.

Ngazi ya III jiandikishe mapema, nafasi huisha. Ya V haijazwi kwa mtu kujitokeza tu: nafasi hugawiwa nchi, kisha chama cha taifa huamua nani aende. Waulize wasimamizi wa chama chenu mchujo wao hutumia mashindano yapi ya mwaka, kwa sababu yanaweza kuanza wakati wewe bado unatafuta holsta, mkoba wa bastola wa kiunoni.