Mdogo wangu, uhandisi mitambo si gereji

Umeuliza kama uchukue uhandisi mitambo: umemaliza PCM (fizikia, kemia na hesabu), hesabu unaziweza, ila mjomba anasema utaishia kushika spana gereji. Mjomba anachanganya fundi na mhandisi. Fundi anabadilisha beringi iliyokufa, kile kipande kinachobeba shafti inayozunguka. Wewe utaulizwa kwa nini inakufa kila baada ya miezi miwili.

Mimi niliulizwa hivyo nikiwa mafunzo kwa vitendo, kwenye kiwanda kimoja cha sukari. GPA yangu ilikuwa nzuri, nikabaki kutoa macho. Mzee mmoja wa karakana, wala hakufika kidato cha nne, akaweka kiganja juu ya pampu, akatulia kidogo, akasema shafti ya mota na ya pampu haziko kwenye mstari mmoja. Tukapima: kweli, na hapo ndipo beringi zilikuwa zinafia. Kwa hiyo likizo zako usizimalize ofisini ukitoa fotokopi. Omba upelekwe karakana.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kozi ni miaka 4. Kinachowaangusha wengi ni hesabu na thamodinamiki (somo la joto na nishati), si vyuma. Kuchora kwa kompyuta anza mapema, usisubiri kufundishwa.

Kuhusu kazi sikudanganyi: ukihitimu bado hujawa mhandisi kamili. Unajisajili kwanza kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya msimamizi, ndipo unapanda. Na kama moyo wako uko kwenye umeme, sema sasa hivi. Kubadili kozi ukiwa mwaka wa pili ni kisanga.