Wasomaji Wanauliza: Jumba la Harewood, Yorkshire

Wageni wangu wanatoka Mombasa mwezi Agosti, mmoja ni mama yangu mzazi. Wanataka kuona jumba la matajiri wa Kiingereza wa zamani. Nimesikia Harewood ni jirani. Bila gari tutafikaje? – Msomaji, Leeds

Ni jirani kweli, kama kilomita 12 kaskazini mwa mji. Pandeni basi namba 36 linalokwenda Harrogate na Ripon, mshuke kijiji cha Harewood. Lango mtaliona hapo hapo, ila jumba lenyewe liko ndani: kwa miguu hesabuni dakika 15 hadi 20, na kwa mama ongezeni. Viatu viwe vya kutembelea, maana mkitoka vyumbani bado kuna bustani na ziwa. Tiketi ya basi msiitupe. Ulizeni mlangoni kama kuna punguzo kwa waliokuja kwa usafiri wa umma.

Wengi hukosea mambo mawili. La kwanza, wanakuja na kadi ya uanachama wa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale Uingereza, wakidhani wataingia bure. Harewood haimo humo. Ina wakfu wake, ulioundwa mwaka 1986. La pili, wanazunguka viwanjani mpaka alasiri, wakifika mlangoni vyumba vinafungwa. Vyumba vina saa chache kuliko viwanja, kwa hiyo anzeni ndani, chakula na matembezi vifuate. Mkinunua tiketi mtandaoni, someni vizuri kama inajumuisha ndani ya jumba.

Hela ya kujenga jumba kama lile ilitoka wapi? Au ndiyo mambo ya kodi za wakulima wao? – Msomaji, Dar es Salaam

Kodi ilikuwepo, lakini utajiri ulitoka kwenye sukari na utumwa. Henry Lascelles alikuwa mkusanya ushuru wa forodha Bridgetown, kisiwani Barbados. Papo hapo alifanya biashara ya watumwa na kuwakopesha fedha wenye mashamba ya miwa. Milki ya Harewood aliinunua mwishoni mwa miaka ya 1730. Aliyejenga ni mwanawe, Edwin: msingi uliwekwa 1759, na kufikia 1771 jumba lilikuwa linakaliwa.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hupitwa nalo. Jumba lilipokuwa likijengwa, familia ilikuwa zaidi upande wa ukopeshaji. Miaka ya 1770 na 1780 wadaiwa walishindwa kulipa, na mashamba waliyoweka rehani yakaangukia mikononi mwa akina Lascelles, pamoja na watu waliokuwa wakitumikishwa humo. Ndiyo maana sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa ilipopita, Bwana wa Harewood alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277 wa Barbados na Jamaika. Fidia ilikwenda kwa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupewa hata senti. Familia ya leo hailifichi hilo: David Lascelles, mwenye cheo hicho sasa, ni miongoni mwa walioanzisha mwaka 2023 kikundi cha warithi wa utajiri wa utumwa wanaounga mkono fidia kwa wazao wa waliotumikishwa.

Nasomea usanifu majengo. Nikipata saa mbili tu, nitazame nini? – Mwanafunzi, Nairobi

Nje, usidanganyike ukadhani kila unachokiona ni cha enzi za wafalme George, yaani 1714 hadi 1830. John Carr wa York ndiye aliyesanifu jumba, lakini miaka ya 1840 msanifu mwingine, Charles Barry, aliongeza ghorofa kwenye mabawa, akaondoa baraza ya nguzo ya upande wa kusini na kuweka mtaro wa bustani. Hata ziwa si la asili: Capability Brown, mbunifu wa bustani, alifanya kijito kizibwe ili mtu aliye dirishani apate mandhari.

Ndani, mapambo ni ya msanifu Robert Adam. Kwenye chumba cha muziki inua macho kwanza, kisha tazama zulia. Michoro ya dari imeitikiwa chini. Halafu nenda ukumbi mrefu wa picha, wenye zaidi ya mita 23, usimame chini ya dirisha. Juu utaona kitambaa kizito kilichokunjwa, kina mikunjo na vishada. Si kitambaa. Ni mbao, zimechongwa na kupakwa rangi katika karakana ya Thomas Chippendale, fundi wa samani aliyezaliwa Otley, mji wa karibu tu. Kwetu sisi, kazi hiyo inashinda kile kitanda chake cha fahari ambacho kila mtu hukimbilia kukipiga picha.

Usiache chumba chenye karatasi za ukutani za Kichina, zilizochorwa kwa mkono. Chippendale alizibandika 1769, zikabanduliwa karne iliyofuata, na mwaka 1988 mabaki yake yalikutwa yamekunjwa kwenye jengo la nje. Ukibaki na muda, shuka jikoni ukaone masufuria ya shaba.

Tulilipa kiingilio kizima tukakuta mapazia yameshushwa na giza tupu. Huo si ubahili wa taa? – Msomaji, London

Hapana, ndugu yetu. Mwanga hula hariri na rangi, na madhara yake hujilimbikiza bila kurudi nyuma: nyuzi hukauka na kukatika, nyekundu huwa kahawia. Makumbusho mengi huweka kikomo cha luksi 50 (kipimo cha mwanga) kwa vitambaa na karatasi, kiwango kidogo sana kwa mtu aliyetoka juani. Ukiingia, simama chumba cha kwanza dakika kadhaa macho yazoee. Zima fleshi ya simu, begi la mgongoni libebe mbele, na ukuta usiuguse. Na kama ulipanga kurudi Januari, angalia kwanza tovuti yao: majumba ya aina hii kwa kawaida hufunga vyumba majira ya baridi ili wasafishe na kukagua vitu kimoja kimoja.